Uliza ng'ombe wangapi: namna ya kuchagua chuo cha udaktari wa mifugo Afrika Mashariki

Kila matokeo ya kidato cha sita na ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) yanapotoka, maswali ni yaleyale. SUA au Nairobi? Egerton inatambulika Tanzania? Makerere wanasoma nini ambacho wengine hawasomi? Anayeuliza kwa kawaida ameshapitia tovuti za vyuo vyote na kuona picha za aina moja: vijana ishirini wenye makoti meupe wamemzunguka ng'ombe mmoja. Picha hiyo itazame vizuri. Mmoja ameshika kamba, mmoja anapima joto, wengine kumi na wanane wanatazama. Chuo kizuri ni kile ambacho wewe hutakuwa mtazamaji kwa miaka mitano.

Vyuo vinavyozungumziwa hapa ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi kampasi ya Kabete, Egerton kule Njoro, Makerere Kampala, na Chuo Kikuu cha Rwanda kampasi ya Nyagatare. Hatua zenyewe zinafaa kwa chuo chochote. Mitaala ya vitatu vikongwe ni ya ukoo mmoja: mwaka 1962 mafunzo ya udaktari wa mifugo yalihamishwa kutoka Makerere kwenda Kabete, na Watanzania na Waganda wakawa wanasomea huko hadi Makerere ilipoanzisha upya kozi yake mwaka 1971 na Morogoro ikaanza mwaka 1976. Kwa hiyo usitarajie tofauti kubwa kwenye majina ya masomo. Tofauti iko kwenye utekelezaji.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Matokeo yako, au makadirio ya kweli kama bado. Biolojia na kemia ndizo zinazokufungulia mlango kila mahali. Fizikia, hisabati au kilimo hutegemea chuo.
- Mwongozo wa udahili wa mwaka huu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu (Tanzania), au orodha ya KUCCPS, chombo kinachopanga wanafunzi vyuoni (Kenya). Wa mwaka jana hautoshi, vigezo hubadilika.
- Orodha ya masomo ya BVM (shahada ya udaktari wa mifugo) ya kila chuo unachokifikiria, mwaka wa kwanza hadi wa tano, ikionyesha saa za nadharia na za vitendo. Isipokuwepo mtandaoni, iombe ofisi ya mkuu wa kitivo kwa barua pepe.
- Namba za wanafunzi watatu kwa kila chuo: mmoja wa mwaka wa pili, mmoja wa nne au wa tano, na mmoja aliyemaliza ndani ya miaka miwili.
- Daftari, kikokotoo, na nauli ya kutembelea angalau chuo kimoja.
- Wiki tatu au nne. Ukianza siku tatu kabla dirisha la maombi halijafungwa, utachagua kwa jina la chuo tu.

Hatua

1. Hakikisha unaomba shahada sahihi.

Hapa ndipo wengi huumia, tena kimyakimya. Shahada inayokufanya daktari wa mifugo ni ile ya udaktari wenyewe, kwa kifupi BVM, na huku kwetu ni ya miaka mitano. Shahada ya Sayansi ya Wanyama, Afya ya Wanyama au Uzalishaji wa Mifugo ni kozi nzuri na zina kazi zake, lakini hazikupi haki ya kusajiliwa kama daktari. Stashahada za vyuo vya mifugo vya LITA kwa Tanzania au AHITI kwa Kenya hukufanya mtaalamu msaidizi. Soma jina la kozi neno kwa neno kabla ya kubonyeza. Wapo waliogundua tofauti hiyo wakiwa mwaka wa tatu.

2. Uliza baraza la nchi utakayofanyia kazi. Neno la chuo peke yake halitoshi.

Kusoma ni jambo moja, kuruhusiwa kushika kisu ni jingine. Tanzania kuna Baraza la Veterinari lililoundwa kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kenya kuna KVB, bodi ya madaktari wa mifugo, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011. Uganda na Rwanda nako kuna vyombo vyao. Andika barua pepe yenye swali moja: "Mhitimu wa BVM wa chuo fulani anasajiliwa moja kwa moja, au anafanya mtihani au mafunzo ya ziada kwanza?" Hifadhi jibu. Mtanzania anayesomea nje ajue pia kwamba shahada yake itapitia TCU kutambuliwa, kwa hiyo atunze barua ya udahili, matokeo ya kila mwaka na maelezo ya mtaala. Kuyatafuta miaka sita baadaye ni kazi.

Kama ndoto yako ni Uingereza au Marekani, elewa tangu sasa kwamba mhitimu wa huku atakutana na mtihani wa RCVS (chombo kinachosajili madaktari wa mifugo) kwa Uingereza, au njia ya ECFVG au PAVE (mipango ya kuthibitisha shahada za nje) pamoja na mtihani wa leseni wa NAVLE kwa Marekani. Ni njia ndefu na ya gharama. Barani Afrika, Onderstepoort ya Chuo Kikuu cha Pretoria, ambako kozi ni ya miaka sita, ndiyo inayotambuliwa na RCVS. Kama huna mpango wa kuhama, usilipie kitu ambacho hutakitumia.

3. Soma mtaala ukiwa na kalamu.

Usihesabu majina ya masomo, maana kila chuo kina anatomia, fiziolojia na biokemia mwanzoni. Vijidudu, vimelea, patholojia na dawa katikati. Kisha tiba, upasuaji, uzazi, epidemiolojia na ukaguzi wa nyama mwishoni. Tafuta mambo manne:

- Mwanafunzi anamgusa mnyama hai kwa mara ya kwanza mwaka gani? Mtaala unaoanza na namna ya kumkamata, kumfunga na kumpima mnyama mwaka wa kwanza ni bora kuliko unaosubiri wa tatu. Anayejifunza kumkaribia ng'ombe akiwa na miaka ishirini na mbili huwa anaogopa hadi anahitimu.
- Saa za vitendo ni ngapi kwa kila saa ya nadharia, hasa mwaka wa nne na wa tano? Angalizo: krediti si saa za darasani. Kwa mfumo wa TCU krediti moja ni saa 10, lakini ndani yake kuna hata muda wa kujisomea.
- Mafunzo ya nyanjani ni wiki ngapi, mwaka gani, nani anamtafutia mwanafunzi kituo, na nani analipa nauli na posho?
- Mambo yanayosahaulika yapo? Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwaka 2012 mapendekezo ya uwezo ambao daktari anapaswa kuwa nao siku ya kwanza kazini, na mwaka 2013 likatoa mwongozo wa mtaala wa msingi. Humo kuna sheria na maadili ya taaluma, utoaji wa vyeti vya afya ya mifugo, na namna ya kuzungumza na mfugaji. Vyuo vingi vinaviorodhesha. Uliza nani anavifundisha na kwa muda gani. Biashara ya kliniki nayo iulizie, maana wahitimu wengi wataishia kujiajiri.

4. Hesabu wanyama.

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo wote. Majengo, umri wa chuo na idadi ya maprofesa vyote ni vizuri, lakini mkono haujifunzi kupima mimba kwa kusikiliza profesa.

Uliza kliniki ya chuo inapokea wanyama wangapi kwa wiki, wa aina gani, na kundi la wanafunzi linalozunguka hapo lina watu wangapi kwa wiki ngapi. Kisha piga hesabu. Tuseme kliniki inapokea wanyama 30 kwa wiki, na kundi la wanafunzi 10 linakaa hapo wiki 4. Hiyo ni 120 gawa kwa 10: wastani wa wanyama 12 kwa kila mmoja. Kundi likiwa la watu 25, kila mmoja hafikishi hata watano. Kliniki ni ileile na walimu ni walewale, ila mhitimu atakuwa tofauti kabisa.

Hesabu hiyo irudie kwa kila aina ya mnyama, kwa sababu wastani wa jumla hudanganya. Kliniki ya mjini inaweza kuwa na wanyama 30 kwa wiki na wote wakawa mbwa waliokuja kuchanjwa. Eneo lina usemi mkubwa hapa:

Kabete imezungukwa na wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa wa Kiambu upande mmoja na mbwa na paka wa jiji la Nairobi upande mwingine; pia taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ni jirani. SUA iko Morogoro, mkoa wenye wafugaji wa asili na wakulima pamoja, na Mikumi haiko mbali kwa anayependa wanyamapori. (Panya wa shirika la APOPO wanaonusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu wanafundishwa palepale chuoni. Haitakusaidia mtihani wa upasuaji, ila inaonyesha utafiti unafanyika.) Egerton iko Njoro, kwenye ukanda wa maziwa wa Nakuru. Nyagatare ni wilaya ya wafugaji wa ng'ombe, mashariki mwa Rwanda. Makerere iko katikati ya jiji, kwa hiyo swali lako la kwanza kwao liwe: wanafunzi wanapelekwa wapi kukutana na ng'ombe, mara ngapi, na kwa gari la nani?

Gari usilichukulie poa. Huduma ya kuwafuata wafugaji ndiyo inayompa mwanafunzi ugonjwa wa kiwele, kondo la nyuma lililobaki, ndama aliyekwama, ndigana kali na homa ya maziwa katika hali halisi, yaani usiku, kwenye matope, maji yakiwa mbali. Gari likikosa mafuta mwezi mzima, huduma hiyo ipo kwenye karatasi tu. Usiulize "mna gari?" Uliza "wiki iliyopita lilitoka mara ngapi?"

Kama kipimo cha chini, mwanafunzi anayemaliza awe amefanya haya kwa mikono yake: kupima mimba ng'ombe wasiopungua 30, kuhasi mbwa au paka dume mara 5 na jike mara 2 akiwa yeye ndiye anayepasua, kuchunguza mizoga 10 kuanzia kuifungua hadi kuandika ripoti, kukagua nyama machinjioni siku 5 kuanzia alfajiri, kutoa damu ng'ombe, mbuzi, mbwa na kuku hadi isiwe habari tena. Chuo chenye daftari la kumbukumbu za kazi, ambamo kila tukio husainiwa na mwalimu, kinaweza kukuonyesha. Daftari likiwepo lakini likawa linasainiwa kwa mkupuo wiki ya mwisho, wanafunzi watakuambia.

5. Zungumza na wanafunzi, lakini uliza vizuri.

Ukiuliza "chuo kizuri?" utajibiwa "kizuri sana, njoo." Uliza mambo yenye jibu moja:

- Mlianza wangapi na mmebaki wangapi? Waliodisko (walioondolewa kwa kufeli) walikwama somo gani?
- Sapu (mitihani ya marudio) za mwaka wa kwanza ni kawaida? Anatomia na biokemia ndizo huwakamata wengi. Sapu nyingi peke yake si kasoro; kasoro ni matokeo kuchelewa kiasi kwamba unabaki na siku nne tu za kujiandaa na sapu.
- Meza moja ya anatomia wanafunzi wangapi? Zaidi ya 10 kwenye mzoga mmoja, nusu watasoma kwa desa (notisi za kunakili).
- Mara ya mwisho wewe mwenyewe kushona kidonda ilikuwa lini?
- Wanaoanza leo watamaliza mwaka gani kweli? Migomo na kuahirishwa kwa mitihani hugeuza miaka mitano kuwa sita.
- Mwalimu wa kliniki unampata saa ngapi? Wengine wako kwenye miradi muda mwingi.

Mwaka wa pili atakupa malalamiko na mwaka wa tano atakupa picha pana. Ila aliyemaliza na yuko kazini ndiye mwenye thamani kuliko wote: muulize alijifunzia nini kazini ambacho chuo kilipaswa kumpa. Majibu ya wahitimu watatu wa chuo kimoja yakifanana, hapo umepata ukweli. Wakuu hawa waamkie, jitambulishe, eleza unachotaka kwa kifupi. Ujumbe wa sauti wa dakika saba haujibiwi.

6. Tembelea, na chagua siku.

Nenda Jumanne hadi Alhamisi asubuhi, muhula ukiwa unaendelea. Siku ya maonyesho kila kitu kinang'aa. Ingia getini kwa utaratibu, omba kuonana na ofisi ya kitivo, kisha omba kupitishwa sehemu hizi: kliniki ya wanyama wadogo, mahali pa kubania ng'ombe, chumba cha kuchunguzia mizoga, maabara ya vimelea na chumba cha upasuaji. Angalia darubini ngapi zinawaka taa kwa darasa la watu wangapi. Angalia mashine ya eksirei kama ina vumbi. Chumba cha mizoga kikikauka kabisa na kunukia sabuni siku ya kazi, uliza mzoga wa mwisho uliletwa lini. Angalia pia kama wanafunzi wanavaa glavu na buti, maana chuo kinachowaacha wafungue mzoga mikono mitupu hakijali kimeta wala ugonjwa wa kutupa mimba, ambavyo humwambukiza hata mtu.

Usipige picha ya mnyama wala mwenye mnyama bila ruhusa.

7. Weka gharama zote mezani, na si ada peke yake.

Ada huonekana; haya hayaonekani: ovaroli mbili, buti za mpira, koti la maabara, seti ya vifaa vya kupasulia, stetoskopu, kipimajoto, glavu ndefu za kupimia mimba, nauli za nyanjani, uchapishaji wa ripoti ya utafiti ya mwaka wa mwisho. Ongeza chanjo ya kichaa cha mbwa. Utaratibu wa sasa wa Shirika la Afya Duniani wa kujikinga kabla ya kung'atwa ni dozi mbili, ya pili siku ya 7 baada ya ya kwanza. Chuo kinachowapa wanafunzi wake chanjo hii kabla ya kliniki kipe alama. Ambacho hakitoi, itafute mwenyewe, usiingie kliniki bila hiyo.

Mtanzania unayewaza Nairobi au Kampala, usipange bajeti ukihesabu bumu (hela ya mkopo). Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Tanzania kwa shahada ya kwanza ni ya vyuo vya ndani. Uliza pia kama ada ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki ni sawa na ya mwenyeji, na jibu lipate kwa maandishi.

8. Toa alama, kisha amua.

Gawa 100 hivi: wanyama na kazi za mikono 40, muundo wa mtaala 20, uendeshaji (kumaliza kwa wakati, matokeo, upatikanaji wa walimu) 15, gharama 15, maisha ya chuo 10. Chuo kisichofikisha 20 kwenye kipengele cha kwanza kiondoe, hata kama jumla yake inapendeza. Vikitofautiana kwa chini ya alama 5, chagua cha bei nafuu na hela inayobaki itumie kufanya kazi likizo kwenye kliniki binafsi au kwa afisa mifugo wa wilaya. Usipandishe alama za "maisha ya chuo" kwa sababu rafiki yako anaenda huko.

Makosa yanayojirudia

Kuchagua chuo kwa ndoto ya wanyamapori. Ajira za wanyamapori ni chache, na waliozipata walianza kwa kuwa madaktari wazuri wa ng'ombe na mbwa. Kuamini majina ya vifaa kwenye tovuti bila kuuliza kama vinafanya kazi. Kuweka BVM chaguo la tatu baada ya udaktari wa binadamu na famasia, kisha kuingia ukiwa na kinyongo. Mwaka wa kwanza una kemia na anatomia nyingi mno kwa mtu asiyetaka kuwepo. Na kupuuza hali ya makazi: kliniki ya usiku na hosteli iliyo kilomita sita haviendani, hasa kwa dada zetu wanaorudi saa nane usiku.

Mambo yakikwama

*Kwetu hakuna chaguo.* Tanzania, kwa miaka mingi BVM imesomewa SUA, kwa hiyo wengi wanalinganisha SUA na nje ya nchi. Hatua zifanye hivyohivyo. Ukiishia SUA, zile hesabu za hatua ya 4 zitakuonyesha pengo liko wapi, na pengo hilo ndilo utakalolijaza wakati wa likizo.

*Alama hazikutosha.* Njia ya stashahada ya afya ya mifugo ipo, na kwa Tanzania kiwango cha chini cha kuingilia shahada kwa njia hiyo ni GPA ya 3.0, pamoja na masharti ya kozi husika. Inaongeza miaka, lakini anayepita huko huingia darasani akijua kumkamata ng'ombe.

*Chuo hakijibu barua pepe.* Piga simu ofisi ya kitivo asubuhi, omba jina la ofisi inayohusika, kisha andika tena ukiitaja. Wiki mbili za kimya baada ya hapo ni jibu kuhusu uendeshaji, punguza alama.

*Siwezi kusafiri.* Mwombe mwanafunzi wa mwaka wa nne akupigie simu ya video kutoka nje ya kliniki saa nne asubuhi, siku mbili tofauti. Foleni ya wenye wanyama itaonekana au haitaonekana.

*Mimi ni mdogo wa mwili, nitamudu ng'ombe?* Ng'ombe hashikwi kwa nguvu. Anashikwa kwa kamba, kizuizi na dawa ya kutuliza. Uliza chuo kama kizuizi chao kinafunga vizuri, kwa sababu kibovu humvunja mkono hata mwenye mabavu.

*Damu inanitia kizunguzungu.* Kabla ya kuomba, nenda machinjio ya karibu alfajiri mara tatu kwa ruhusa ya mkaguzi wa nyama. Kula kitu kwanza, simama karibu na ukuta. Wengi huzoea mara ya pili. Ikiwa mara ya tatu bado unaanguka, peleka maombi kwenye kozi ya maabara au uzalishaji wa mifugo kabla dirisha halijafungwa.